Kinanda Bila Waya

Tulimwacha Kobe amepiga magoti nyuma ya pazia la jukwaa, kashika ncha ya waya wa kinanda chake. Alikuwa ameufuata waya ule kwa vidole kutoka kwenye kinanda, ukapita chini ya zulia, ukazunguka nyuma ya spika, na sasa umeishia mkononi mwake. Haukuwa umechomekwa popote. Kinanda kimewekwa pale mbele ya kamera kama kabati la vyombo sebuleni.

Na vile viatu vyeusi vilivyosimama mbele ya pua yake, ambavyo wiki nzima mmekuwa mkiniuliza ni vya nani, vilikuwa vya Profesa.

Profesa si profesa wa kitu chochote. Ni kijana aliyepewa na kituo cha televisheni kazi ya kupanga muziki wa kipindi, na jina hilo wapigaji walimbandika kwa sababu ya miwani yake na kompyuta anayotembea nayo kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, Kobe angepata wa kumchukia.

Alimwinua kwa heshima, akamfuta vumbi begani, akamweleza. Leo hakuna atakayepiga. Wameipata rekodi ya zamani ya wimbo, ile ile watu waliyonayo majumbani, wameisafisha kwa kompyuta, sauti ya mwimbaji wameitoa na muziki umebaki. Mwimbaji, Kengele, ataimba moja kwa moja juu ya muziki huo. Wapigaji watasimama nyuma yake na kuchezesha vidole kwa ajili ya picha.

"Kinanda kitakachosikika ni chako, mzee wangu," Profesa akasema. "Ni wewe yule yule, ila wa zamani. Vidole vyako vya wakati ule vilikuwa safi zaidi. Usinielewe vibaya."

Kobe hakumwelewa vibaya. Alimwelewa vizuri sana. Nimeona watu wakiachishwa kazi kwa ajili ya mashine, kwa ajili ya vijana, na kwa ajili ya shemeji wa bosi. Sijawahi kuona mtu akiachishwa kazi kwa ajili yake mwenyewe.

Lakini si hilo lililomtoa jasho.

"Kii gani?" akauliza.

"Kii ya kwenye rekodi, kimo kile kile. Kwani kuna nyingine?"

Kuna nyingine. Na wewe uliyeanza kusoma leo, vuta kiti, maana bila hili hutajua kwa nini mtu mzima alitaka ardhi ipasuke immeze.

Kobe ni mpigaji wa kukodiwa. Anapigiwa simu asubuhi, anabeba kinanda begani, anaingia studio asiyoijua, anampigia mtu asiyemjua wimbo ambao hajausikia, na kabla chai haijapoa kazi imekwisha. Ameifanya kazi hiyo tangu ndevu hazijaota mpaka sasa zina mvi. Amepiga nyimbo za mapenzi, za dini, za sabuni na za dawa ya mbu. Watu wamechumbiana kwa vidole vyake, wakaoana kwa vidole vyake, na walipoachana wakajifungia chumbani kulia kwa vidole hivyo hivyo. Jina lake hawalijui. Hilo la Kobe amepewa na wenzake, kwa sababu akipiga huzamisha kichwa mabegani, na akifokewa hukizamisha zaidi.

Mwimbaji mmoja tu ndiye asiyemkodi. Ni Kengele, dada yake wa tumbo moja, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na aliyemnunulia kinanda cha kwanza kabla hajajinunulia viatu vya kupandia jukwaani. Wimbo uliomtoa ni ule wa mke anayemwambia mumewe aliyeondoka kwamba mlango haujafungwa. Kinanda kinatangulia peke yake, kisha kinanyamaza kabisa, na katika ukimya huo Kengele anaingia na neno moja, "rudi", huko juu, bila ngazi ya kupandia. Neno hilo ndilo watu wanalolipia kiingilio.

Halafu mume wa Kengele, mume wa kweli, akafariki.

Aliporudi mazoezini baada ya msiba, alifika kwenye "rudi", sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika tena. Akaingia stoo ya vyombo vya muziki, akajifungia, na Kobe akamsikia dada yake analia. Kengele hakuwahi kulia mbele yake, hata siku walipomzika mama.

Kesho yake, kabla dada hajafika, Kobe alibonyeza kitufe.

Wapigaji wengi waliojifunza wenyewe wana siri moja, nami nawaomba radhi kwa kuitoa gazetini. Wanajua kupiga kwa kii moja tu. Wimbo ukitaka kuimbwa juu zaidi au chini zaidi, wanabonyeza kitufe, kinanda chenyewe kinapanda au kinashuka, vidole vinabaki palepale. Kwa hiyo mtu akikutazama mikono haoni tofauti yoyote. Kobe ni wa hao. Alishusha nusu moja, ambayo ndiyo hatua ndogo kuliko zote katika muziki, akawapa ishara wenzake nao wakalegeza nyuzi. Kengele akafungua mdomo, "rudi" ikatoka nzima. Akashika kifua kwa mikono miwili.

"Imerudi, mdogo wangu," akasema. "Imerudi."

Ungekuwa wewe ungemwambia? Rahisi kusema ndiyo ukiwa umekaa na gazeti lako.

Nusu moja haikudumu. Sauti ikachoka tena, Kobe akashusha ya pili. Ikaja ya tatu. Sasa wako nusu nne chini, na mpiga besi, ambaye jina lake ni hilohilo Besi, hulazimika kujifungia chooni kabla ya kila onyesho ili alegeze nyuzi zake dada asione. Zimelegea mpaka unaweza kuanikia nguo. Kengele mwenyewe tangu msiba hasikilizi rekodi zake. Wimbo ule ukitokea redioni anazima, kwa sababu aliutunga kwa ajili ya marehemu.

Mambo yangeweza kwenda hivyo mpaka uzee. Lakini mwezi uliopita Kengele alihojiwa redioni, akaulizwa kuhusu mwimbaji mwenzake anayepungua sauti. Akacheka hewani. Akasema wengine wanashushiwa nyimbo kama watoto wanaoshushiwa kamba ya kurukia, ila yeye anaimba palepale alipoimba akiwa msichana. Kobe alikuwa nyumbani anakula, redio iko wazi. Tonge akalirudisha sahanini.

Basi sasa mnaelewa swali la kii.

"Mashine yako inaweza kushusha?" Kobe akamuuliza Profesa, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

Profesa akasema inaweza, ni kubonyeza tu. Lakini mwenye wimbo ni Kengele, na katika makubaliano kii haiguswi bila yeye kusema. Akisema yeye, atashusha papo hapo. Kisha akamtazama Kobe juu ya miwani. Kwani kuna tatizo?

"Hakuna," Kobe akasema. Neno hilo ndilo alilozoea kuliko yote.

Kwenye korido alimkuta Besi ameketi juu ya sanduku la spika, gitaa lake halina waya pia. Besi alikuwa na furaha. Alisema kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana ameingia chooni kwa haja ya kawaida. Kobe alipomwambia rekodi itapigwa kwa kii ya zamani, furaha ikamtoka usoni. Alijua hesabu hiyo. Jana Kengele alikataa mazoezi, akisema wimbo huu anauimba hata akiwa usingizini, kwa hiyo hakuna aliyemsikia. Hakuna aliyejua isipokuwa wao wapigaji.

"Mwambie," Besi akasema.

"Mwambie wewe."

"Mimi ni mtu baki, Kobe. Huyo ni wako."

Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wazee, na Kobe alikuwa ameyaficha ya mwenzake bila mwenyewe kujua anaumwa. Alitembea kwenda chumba cha kujipamba.

Kengele alikuwa mbele ya kioo chenye taa pembeni, msusi anamfunga kilemba cha samawati. Alikuwa mzuri, na amefurahi. Hakuwa ameitwa na televisheni tangu msiba, na leo ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Alimwona mdogo wake kwenye kioo. Mtu aliyekulea hahitaji kugeuka ili ajue una jambo. Alimwomba msusi atoke kidogo.

"Nani amekuudhi?"

Kobe alianza upande mwepesi, akitumaini ule mzito utafuata wenyewe kama kitanda kinavyoingizwa mlangoni. Alisema wameuchomoa waya wa kinanda chake.

Kengele akageuka na kiti chote. Alitaka kujua ni nani aliyethubutu. Kobe akaeleza habari ya rekodi na vidole vya zamani, na kila alivyoeleza ndivyo dada alivyozidi kuwaka, akisema hakumlea mtoto ili asimamishwe jukwaani kama sanamu la dukani. Kobe akaona mazungumzo yanamponyoka.

"Siyo hilo, Dada."

"Ni lipi?"

"Ule wimbo," Kobe akasema. "Kwenye rekodi uko juu."

"Uko palepale ulipo," dada akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona uso wa mdogo wake umekunjamana kama siku zile akitaka kulia shuleni. Akamvuta akae kwenye kiti cha msusi. Akamshika mkono wa kulia, ule ule aliokuwa akiukanda kwa maji ya moto kila baridi ilipougandisha.

"Nikwambie kitu," akasema. "Watu wote hawa wananisifu. Nikikohoa wananisifu. Siku nikiwa sina kitu tena kooni, hakuna hata mmoja atakayeniambia, watanipigia makofi mpaka niaibike. Wewe utaniambia. Ndiyo maana nakutaka nyuma yangu, si kwa sababu ya kinanda. Utaniambia, eti?"

"Ndiyo, Dada."

"Usisubiri niaibike."

"Ndiyo, Dada."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, msomaji. Alichotakiwa ni kupita. Alifungua mdomo, akaona kilemba, akaona macho ya dada yake yalivyotulia, akaukumbuka mlio wa kilio ndani ya stoo.  Na hapo hodi ikapigwa, sauti ikasema mwimbaji anatakiwa pembeni mwa jukwaa. Kengele akanywa funda la maji ya uvuguvugu, akaanza kuvuma polepole, midomo imefumbwa, kupasha koo. Alivuma "rudi". Aliivuma chini, kule kule Kobe alikomteremshia, bila kujua kuwa ni chini.

Kobe akatoka mbio.

Fundi mitambo alikaa nyuma ya ukumbi, kwenye meza yenye vitufe vingi, mfuko wa karanga magotini. Walifahamiana tangu zamani. Kobe alimpigia kinanda harusini mwa binti yake. Kobe aliinama sikioni mwake akamwambia kila kitu kwa pumzi moja, mpaka habari ya stoo. Ajabu ya binadamu ni hiyo. Aliloshindwa kumwambia wa damu, alimwambia mla karanga.

"Nusu ngapi?" fundi akauliza.

"Nne."

Fundi akapiga mluzi wa chini. "Nne si kushuka, Kobe. Huko ni kuhama nyumba."

Lakini alikuwa na moyo. Alifikiri, akatafuna, akasema Profesa atakuwa upande wa kamera na hatagundua mpaka wimbo umeisha. Akiulizwa, atasema mashine ilikosea, kwani mashine hazijui kujitetea. Akabonyeza mbele ya macho ya Kobe. Kobe akamshika mkono wenye chumvi ya karanga.

Alirudi jukwaani akitembea kama mtu aliyesamehewa. Alisimama nyuma ya kinanda chake bubu, akaweka vidole mahali pake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alivuta pumzi ikafika tumboni. Acha apige kimya. Acha hata jina lake lisitajwe tena duniani. Dada atavuka.

Pazia likafunguka, taa zikawaka, mtangazaji akapanda na maneno matamu. Akasema leo ukumbi utamsikia mwimbaji pekee ambaye bado anaimba palepale alipoimba akiwa msichana, na kwamba maneno hayo si yake, ni ya Kengele mwenyewe. Watu wakasimama. Kengele akaingia na kilemba chake, akapokea maikrofoni, akasubiri makofi yaishe. Kule nyuma fundi aliinua kidole gumba juu ya meza yake, tayari.

Kengele akainua mkono.

"Kabla ya muziki," akasema, "nina neno."

Kobe akaitazama meza ya fundi.

Kengele akawaambia watu kwamba wimbo huu wanaujua wote, lakini kuna mtu ndani yake hawamjui. Kile kinanda cha mwanzo, kile wanachokipigia mluzi wakioga, kilipigwa na mdogo wake. Akasema mtu huyo amewapigia nusu ya nyimbo wanazozipenda, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina lake. Kisha akalitaja. Alilitaja jina lake kamili, la nyumbani, lile alilokuwa akimwitia kutoka dirishani giza likianza kuingia. Kobe hakuwa amewahi kulisikia kwenye spika. Lilisikika kama la mtu mwingine, mtu mwenye bahati.

"Leo wametaka niimbe na mashine," Kengele akaendelea. "Mdogo wangu hakulalamika, yeye halalamiki. Ila nimemwona uso. Sitaki mashine. Nataka anipigie mwenyewe, sisi wawili tu, kama tulivyoanza. Mchomekeeni waya wake."

Ukumbi ukalipuka. Profesa alishika kichwa, kisha akaona kamera zinavyonasa machozi ya watu wa mstari wa mbele, akatambua kwamba hiki ni kipindi kizuri kuliko alichokipanga, akapunga mkono: chomekeni waya.

Aliyekuja ni fundi mitambo mwenyewe. Alipoinama kuuchomeka alimnong'oneza Kobe neno moja tu: "Umepona."

Na ilikuwa kweli. Fikiri na wewe. Rekodi imezimwa. Kinanda ni chake, kitufe ni chake, na kwenye wimbo wa watu wawili hakuna nyuzi za mtu mwingine za kulegeza. Kobe alikaribia kucheka. Akapeleka kidole cha shahada kwenye kitufe, kama anayefuta vumbi, akashusha: moja, mbili, tatu, nne. Kidirisha kidogo cha kinanda kikawaka wekundu, kistari na namba nne. Hakuna aliyeona, kwa sababu kidirisha kinatazama upande wa mpigaji, na upande huo hajawahi kusimama mtu.

Ila leo ni sisi wawili tu, kama tulivyoanza.

Utotoni, chumbani kwao, Kengele alikuwa akisimama nyuma ya mdogo wake, mkono mmoja begani kwake, akimminya kila alipokosea. Ilikuwa kabla ya majukwaa. Tangu waanze kupanda jukwaani amekuwa akisimama mbele, amempa mgongo, kazi ndivyo ilivyo. Leo, mbele ya watu wote wale, akaizunguka meza ya kinanda, akapita nyuma ya mdogo wake, akaweka mkono begani kwake palepale pa zamani.

Watu wakasema aaa.

Kobe alitaka kuufunika mwanga kwa kiganja. Alikuwa amechelewa. Kilemba cha samawati kilikuwa kimeshainama juu ya bega lake.

Kengele akaiteremsha maikrofoni mpaka kiunoni. Tabasamu la kamera lilibaki usoni.

"Hii nne ni ya nini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Kobe, umevaa mpaka viatu. Ni aina ya mlio, Dada. Ni namba ya wimbo, Dada. Angesema lolote kati ya hayo angeaminiwa, na mwanamke huyu angeimba vizuri, na wangekwenda nyumbani. Lakini mkono ulikuwa begani kwake, na kwenye chumba cha kujipamba alikuwa ameitikia ndiyo mara mbili.

"Ni wewe, Dada," akasema. "Hapo ndipo ulipo sasa."

Mkono haukuondoka. Haukuminya pia.

"Tangu lini?"

"Tangu msiba."

"Besi anajua?"

"Anajua. Na wa gitaa."

"Kwa hiyo nilikuwa sijui mimi tu."

 Watu kule chini walidhani ndugu wanakumbushana ya utotoni, wakaanza kupiga makofi ya taratibu, ya upendo. Mtangazaji alijifuta jicho. Hakuna aliyeona kwamba tabasamu la Kengele halina mtu ndani.

Kesho yake baada ya kilio cha stoo Kengele alikuwa amesema imerudi. Kobe alijua anaikumbuka siku hiyo sasa, na furaha yake, na mikono yake miwili kifuani. Alitamani dada amtukane. Alitamani ampige kofi mbele ya kamera, amfukuze kazi, amkane. Angeyabeba yote hayo. Alichoshindwa kukibeba ni jinsi dada alivyopumua tu nyuma ya sikio lake.

"Rudisha," Kengele akasema.

"Dada, hapana."

"Nimeshawaambia watu naimba palepale. Wamesikia wote. Rudisha."

"Siwezi."

Na hakuweza kweli. Vidole ambavyo vimepiga kila alichoagizwa na kila mwenye studio vilikaa juu ya kinanda kama vya maiti. Basi Kengele akanyoosha mkono wake mwenyewe juu ya bega la mdogo wake, ukucha umepakwa rangi kwa ajili ya leo, akakibonyeza kitufe. Nne ikawa tatu. Tatu ikawa mbili. Alibonyeza bila haraka, kama anayefunga vifungo vya shati la mtoto, mpaka kidirisha kikaonyesha sifuri. Kisha hakuuondoa mkono. Aliuacha pale, kidole juu ya kitufe, kisiguswe tena.

"Piga."

Aliwahi kumkatalia dada yake nini? Kobe akapiga.

Vidole vilikwenda palepale vinapokwenda siku zote. Sauti ikatokea huko juu, safi, ya miaka ile, na ukumbi ukaitambua papo hapo. Watu walipiga kelele kwa furaha, wakashikana mikono. Hawakuwa wameusikia wimbo huu jukwaani ukiwa mahali pake tangu msiba, nao hawakujua hilo, walijua tu kwamba leo una kitu.

Mpigaji wa kukodiwa ana hila moja mwimbaji asipokuwa tayari: anarudia mwanzo. Anazunguka, anatia nakshi kidogo, watu wanadhani ni mapambo. Kobe akaufikia mwisho wa utangulizi, akazunguka. Akaufikia tena, akazunguka tena. Pembeni mwa jukwaa Besi alikuwa amefumba macho. Kule nyuma fundi alikuwa ameondoa mikono yote miwili kwenye vitufe, hana la kufanya. Kobe angezunguka mpaka ukumbi ufungwe, mpaka waliokaa kwenye ngazi wazeeke, lakini mzunguko wa tatu ulipokaribia mwisho vidole vya dada yake vikamminya begani. Alivijua. Ndivyo alivyominywa utotoni, na maana yake haijabadilika: umekosea, endelea.

Akaendelea. Akafika mahali ambapo kinanda hunyamaza ili sauti iingie peke yake. Akazamisha kichwa mabegani, akainua mikono yote miwili, akaiweka magotini.

Ukumbi wote ukanyamaza. Nyuma ya sikio lake akamsikia Kengele anavuta pumzi.